Mchezo wa Forodha

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza alinichukia tangu siku niliyoshuka kwenye basi la Tororo na sanduku langu, na mimi sikuchelewa kumrudishia. Nasema hivi mapema ili msomaji asitarajie habari za mwalimu kijana anayependwa na kijiji kizima. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mjeuri, nimetoka chuoni nikiamini kwamba wote waliofundisha kabla yangu walikuwa wajinga. Yeye aliamini kwamba wasichana wa chuo huja kazini kutafuta waume.

Shule ilikuwa upande wa Uganda, ukingoni mwa mji wa Busia, kwenye barabara ya kwenda Dabani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati Uganda na Kenya zilikuwa zimetenganisha fedha zao na mti wa kizuizi uliolazwa barabarani ulikuwa umeanza kuwa mpaka kweli. Nilipewa darasa la kwanza, watoto hamsini na kitu, wengi wakisema Kisamia nyumbani na wachache Kiteso. Mimi kwetu ni Kipadhola. Kwa hiyo na watoto nilielewana kwa vidole, na mama zao kwa Kiswahili cha sokoni. Kazi niliyoajiriwa kufanya ilikuwa kuwapa watoto maneno ya Kiingereza.

Mwalimu mkuu alifundisha Kiingereza kwa fimbo ya mpera. Aliandika maneno kumi ubaoni, watoto wakayaimba mpaka adhuhuri, na aliyesahau alichapwa kwenye ncha za vidole. Watoto wake wa darasa la tano waliweza kutaja herufi zote za neno la mwavuli, lakini hawakuweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mimi nilikuwa na gunia. Ndani yake nilitia kijiko, kiberiti, gunzi la mahindi, kikombe cha bati, kitana na kiatu cha mtoto. Mtoto alifungwa kitambaa machoni, akaingiza mkono, akapapasa na kutaja alichoshika. Akikosea, gunia linakwenda kwa mwenzake. Hakuna aliyechapwa, na baada ya majuma mawili hakuna aliyekosea. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni akasema kelele zetu zilifika ofisini kwake, na kwamba wazazi hawakuleta watoto shuleni kucheza. Nilimjibu kwamba kama kelele zinamsumbua, anaweza kufunga dirisha lake. Mbele ya watoto, tena.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana wa miaka saba hivi ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu muhula uanze. Si kwa Kiingereza tu. Hata akiulizwa jina alitazama miguu yake. Walimu wengine walisema ni bubu, nami nilikuwa nimeanza kuwasadiki. Siku gunia lilipomfikia aliingiza mkono, akakaa kidogo, akasema kijiko kwa Kiingereza, kwa sauti kama ya mtu aliyekuwa akingoja zamu yake siku zote. Kisha akataja vyote, kimoja baada ya kingine, bila kuombwa. Kuanzia hapo hakunyamaza. Alinifuata hadi kwenye mlango wa nyumba ya walimu akionyesha vitu, kuku, jembe, moshi, akitaka majina yake. Nilimpenda mtoto yule kuliko inavyofaa mwalimu kupenda mtoto mmoja, na kila neno aliloongeza nililihesabu kama kofi kwenye shavu la mwalimu mkuu.

Baada ya mchezo wa gunia niliutunga mwenyewe mchezo wa forodha. Nilitaka kuwafundisha kusema kitu kiko ndani, kiko juu, kiko chini. Nilitazama nje nikaona siku za soko wanawake wakivuka na vikapu, na maofisa wa forodha wakiwauliza wana nini na wamekiweka wapi. Watoto wangu waliyajua maswali hayo tangu wakiwa migongoni. Kilichokosekana ni Kiingereza chake. Basi wawili walishika fimbo kama kizuizi, mmoja akawa ofisa, wengine wakawa wasafiri. Msafiri huficha kitu kimoja mwilini au katika mzigo. Ofisa hukisia mara tatu kilipo. Akishindwa, msafiri hutaja mahali, hukitoa na kuvuka, na darasa humpigia makofi.

Ningekuwa mtu wa mpakani ningeukomesha mchezo siku ile ile ya kwanza, nilipoona jinsi walivyojua kuficha. Hawakufikiri hata kidogo. Huyu aliweka sabuni chini ya dagaa, yule akatia sukari ndani ya kibuyu cha maji. Mimi nilicheka na kusema watoto hawa wana akili.

Msichana wangu ndiye aliyewashinda wote. Alikunja majani makavu ya mgomba akafanya mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitambaa changu cha kichwa, na kati yake na mgongo akaficha kifurushi cha taulo na kipande cha shuka. Ofisa akakisia kikapu, akakisia kichwa, akakisia kiuno. Akashindwa. Msichana akasema kwa Kiingereza safi kwamba kiko chini ya mtoto, akafungua nguo moja moja akizihesabu, na darasa likaruka juu.

Mkaguzi alipaswa kuja kutoka Tororo kuamua kama nithibitishwe kazini au nimwage unga. Mwalimu mkuu alikuwa ameshamwandikia kwamba darasa langu ni gulio. Nikaamua kumwaibisha mzee huyo mchana kweupe. Nilikwenda mpakani nikaomba kofia kuukuu ya forodha, ili mchezo upendeze. Ofisa niliyemwomba alikuwa mtu mpole, viatu vinang'aa, anaongea taratibu. Aliniuliza ya nini. Nilimweleza mchezo wote, pale pale barabarani, wanawake wenye vikapu wakipita nyuma yangu. Akacheka, akasema kofia ataileta mwenyewe ili naye aone. Kichwa kilinivimba. Ofisa mzima kuja kutazama darasa langu.

Siku ilipofika mkaguzi aliketi nyuma, mwalimu mkuu kando yake amekunja uso, na ofisa wa forodha karibu na dirisha. Gunia lilikwenda vizuri. Mchezo wa forodha ulikwenda vizuri zaidi. Msichana alivuka na mtoto wake wa migomba, akashinda, akafungua nguo akizihesabu, na mkaguzi akapiga makofi mpaka kalamu ikamwanguka. Nilimtazama mwalimu mkuu usoni nikafurahi. Sijawahi kufurahi namna ile tena, na sijutii kukiri kwamba ilikuwa furaha mbaya.

Watoto walipotoka, ofisa alinijia. Hakuwa akicheka. Aliniuliza yule mwenye akili ni mtoto wa nani.

Nami nikamjibu. Nikasema mama yake ni mfanyabiashara, anatoka kule Dabani, huvuka kila siku ya soko, ana mtoto mchanga. Nilisema kwa majivuno, kama vile mtoto ni wangu.

Siku ya soko iliyofuata yule mama alirudi kutoka upande wa Kenya na mtoto wake mgongoni. Wanawake wengi walivuka mbele yake wakiwa na watoto mgongoni, na hakuna aliyeguswa. Yeye aliambiwa amshushe mtoto. Chini yake walikuta vitambaa vipya sita, vimezungushwa kiunoni hadi kwapani. Vitambaa vilichukuliwa, naye akaketishwa kwenye benchi hadi jioni, mtoto akilia na kila apitaye akitazama. Nilisikia hayo kwa walimu wenzangu kabla jua halijazama, na nilielewa mara moja. Sikuwa mjinga kiasi hicho.

Asubuhi mama alikuja shuleni amemshika msichana mkono. Miguu ya mtoto ilikuwa na alama za fimbo kuanzia magotini kushuka. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniketisha, akaegemea kiti chake. Juu ya meza ilikuwapo barua ya mkaguzi, naye alijua ninaiona. Nilielewa kwamba nikikiri neno moja atalibeba mpaka Tororo kwa mguu.

Mama hakuketi. Alisema kwa Kiswahili, pole pole, ili niipate kila sehemu.

"Madamu, mimi nataka kujua kitu moja. Hii maneno ya nguo kufika kwa watu ya forodha, ni mtoto alipeleka, ao ni mtu mwingine?"

Msichana alinitazama. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuonyeshwa kitu na kutajiwa jina lake. Mwalimu mkuu naye alinitazama. 

"Mtoto alisema mwenyewe, mama," nikamjibu. "Mimi nilikuwa nafundisha tu."

Ndiyo hiyo. Nimeiandika kama nilivyoisema, na nimekaa nayo miaka yote hii bila kuipunguza. Mama hakubisha. Alitikisa kichwa mara moja, akamgeuza msichana kwa bega, wakaondoka. Mwalimu mkuu alinikabidhi barua yangu. Nilikuwa nimethibitishwa.

Msichana hakurudi. Nilijidanganya kwamba ni hasira za juma moja, kisha juma la pili, kisha la tatu. Wakati huo Busia yote ilinigeuzia kisogo. Sokoni niliambiwa nyanya zimeisha, nazo ziko mbele yangu. Kisimani wanawake walihamisha mitungi yao nilipofika, bila tusi, bila neno. Niliwachukia. Nilijiambia kwamba wao ndio wavunja sheria, kwamba mimi ni mtu wa elimu niliyetumwa kuwafumbua macho, na upuuzi mwingine wa namna hiyo ambao mtu hujiambia akiwa amekosa.

Kilichonishinda ni watoto. Nilileta gunia darasani kama kawaida. Wa kwanza alifungwa macho, akaingiza mkono, nikaona kabisa amekamata kikombe.

"Hakuna kitu, madamu," akasema.

Wa pili naye akasema hakuna kitu. Wa tatu vilevile. Nyumbani walikuwa wameonywa kwamba mtu mzima akikuuliza kuna nini ndani ya mfuko, jibu ni moja. Walikaa pale hamsini na kitu, midomo imefungwa, na nikaona kwamba mwalimu mkuu na fimbo yake ya miaka ishirini hakuwahi kuwanyamazisha namna ile. Nilitundika gunia msumarini, nikachukua chaki, nikaandika maneno kumi ubaoni. Tuliyaimba mpaka adhuhuri.

Jumamosi ile nilikwenda kwa miguu mpaka Dabani. Njiani nilikuwa nikipanga maneno, na yote yalikuwa yakinitetea, kwa hiyo niliyaacha moja baada ya jingine, nikafika mikono mitupu. Mama alikuwa akianika nafaka ya wimbi uani. Msichana alikuwa ameketi kando na mtoto mchanga mapajani, akifukuza kuku. Sikukaribishwa kiti. Nilipiga magoti kwenye udongo kama tunavyosalimia, nikamwambia mama kwamba nilisema uongo. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemkaribisha ofisa darasani, mimi ndiye niliyemweleza mchezo barabarani, na mimi ndiye niliyemtajia mama wa mtoto. Nikamwomba amrudishe shuleni. Nikasema nitakwenda Tororo kueleza yote, na wakinifukuza basi.

Aliendelea kusambaza wimbi kwa kiganja mpaka likawa sawasawa.

"Mimi nilijua zamani," akasema. "Watu waliona wewe unaongea na yule mtu kwa barabara. Mimi nilikuja kule shule ndiyo wewe useme mbele ya mtoto. Nilikuwa nimepiga yeye bure, nikataka asikie. Wewe ukasema ni yeye."

Nilisema nisamehe, mama.

"Mimi si mwenye kusamehe," akasema. "Sema kwa yeye."

Nikageuka nikiwa bado magotini, nikawa uso kwa uso na msichana. Nilimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kisamia kibovu nilichookota kwa watoto, kwamba hakukosa, kwamba aliyepeleka maneno ni mimi, kwamba alijibu vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Nikamwuliza kama atarudi darasani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama mama yake, akamwuliza kwa Kisamia, kwa sauti ndogo, kama ni lazima anijibu.

Mama akamwambia si lazima.