Shanga za Nadra

Bi Mayasa alikuwa mwosha vigae. Majirani zake wa Mpendae walijua tu kwamba anafanya kazi makumbusho, huko Mjini, na wengi walidhani anakaa mlangoni akikata tiketi. Kumbe kazi yake ilikuwa uani, nyuma ya jumba, chini ya paa la bati, yeye na mwenzake Bi Duni, kila mmoja na beseni lake la maji na mswaki wa meno.

Watu wa makumbusho walikuwa wakichimba pwani ya Fumba, penye misingi ya nyumba ya zamani iliyofukiwa na mchanga. Kila kilichotoka shimoni, vigae vya vyungu vya kale na vyenginevyo, kililetwa uani ndani ya mifuko, na kila mfuko ulikuwa na kikaratasi kinachoeleza umetoka tabaka gani la udongo. Akina Bi Mayasa waliosha, wakaanika kwenye masinia, kila mfuko na sinia lake. Sharti lilikuwa moja: visichanganyike. Msabah, aliyesimamia uchimbaji, alilirudia sharti hilo mpaka Bi Duni akawa anamuigiza.

"Msichanganye, mama zangu, msichanganye," alikuwa akisema kwa sauti nzito. "Huyu hata siku ya kuoa, kadhi atamuuliza mahari, yeye atajibu msichanganye."

Bi Mayasa alizaliwa huko huko Fumba, na shanga za pwani alizijua tangu utotoni. Mvua kubwa ikishapita na mchanga ukaoshwa, wasichana walikwenda kuokota: za buluu, za manjano, nyekundu kama udongo, ndogo kama punje za mtama. Hakuna aliyeuliza zilikuwa za nani. Kwao zilitungwa uzi mmoja, akafungwa mtoto mchanga kiunoni. Akianza kutembea, uzi ulifunguliwa, ukawekwa kumngoja mwengine. Bi Mayasa aliuvaa, na nduguze wakauvaa. Mwanawe wa kwanza, Mudrik, aliuvaa pia. Kisha akauvaa Nadra.

Nadra hakuwahi kutembea. Homa ilimpanda asubuhi, jioni wakawa wanarudi kutoka makaburini. Na uzi uliofunguliwa kwa mtoto aliyekufa hafungwi nao tena mtoto mwengine. Hilo kila mwanamke wa kwao alilijua. Lakini ufanywe nini baada ya hapo, hakuna aliyewahi kumwambia. Kuutupa hakuweza. Akautia kwenye kopo la poda, kopo akalitia sandukuni, na jina la Nadra likawa halitajwi tena nyumbani.

Sasa Mudrik alikuwa ameoa, na mkewe, Tahiya, alikuwa na mimba ya kwanza. Siku moja Mudrik akamfuata mama yake chumbani.

"Mama, lile kopo. Mtoto asizaliwe limo ndani."

"Linakula nini?"

"Halili kitu. Lakini roho yangu haitulii. Litoe, mama yangu, nakuomba."

Bi Mayasa hakubishana naye. Kusema kweli, na yeye moyo wake ulikuwa haujatulia. Usiku ule ndipo alipofikiria makumbusho. Aliviona kila siku vile vitu ndani ya makabati ya vioo: chetezo kilichovunjika mguu, kitasa kisicho na ufunguo, vitu ambavyo nyumbani vingetupwa jaani, lakini pale hakuna aliyethubutu kuvigusa. Akaona hapo ndipo pahala pa shanga za mwanawe.

Akampelekea Msabah lile kopo. Msabah alizimwaga kiganjani, akazipenda.

"Zimeokotwa wapi, Bi Mayasa?"

"Pwani. Huku na huku. Nyengine kaokota bibi yangu, nyengine mama yangu, nyengine mimi."

"Ndiyo tabu yake. Sisi kitu tusichojua kimetoka tabaka gani hatukiweki. Zingetoka shimoni, ningezipokea kwa mikono miwili."

Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno yale, zingetoka shimoni, Bi Mayasa alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. Na mchanga si ni ule ule? Shimo lilikuwa hatua chache tu kutoka pale alipokuwa akiokota na mama yake.

Siku ya pili, Bi Duni alipokwenda kusali adhuhuri, Bi Mayasa alikata uzi. Akazimimina shanga kwenye beseni pamoja na vigae alivyokuwa akiviosha, akazipiga mswaki, akazianika kwenye sinia la mfuko ule. Alipozitazama zimetawanyika baina ya vigae, alijisikia kama aliyempatia mtoto wake pa kulala.

Msabah alipoliona sinia alipiga ukelele.

"Tabaka la chini! Chini ya sakafu! Bi Duni, Bi Mayasa, njooni mtazame! Kama zile zako, Bi Mayasa, ila hizi ni za shimoni!"

"Kwani tumeokota dhahabu?" Bi Duni aliuliza.

"Dhahabu nini! Hizi zikiwa chini ya sakafu, basi watu walikaa pale kabla ya nyumba kujengwa, na walikuwa wakiuziana na nchi za mbali. Msimu mzima nnatafuta ushanga mmoja tu kama huu."

Bi Mayasa alifurahi. Yale mengine hakuyatia akilini sana. Aliloliona yeye ni kabati la kioo.

Lakini Msabah aliingia ndani, akatoka na kijikasha chenye pamba na kikoleo kidogo. Akaushika ushanga mmoja wa buluu, akauinua kwenye mwanga.

"Huu unakwenda nje kupimwa. Watausaga uwe unga, wajue kioo chake kilitengenezwa nchi gani."

"Watausaga?"

"Mmoja tu, Bi Mayasa. Nyengine zote salama."

"Usiusage!" Alikwishalifunika sinia kwa mikono yake miwili. "Wa mwanangu huo!"

Mswaki ulimtoka Bi Duni mkononi. Bi Mayasa akaeleza yote pale pale, kuanzia kopo la poda mpaka uzi alioukata, na alipomaliza hakuinua uso. Msabah aliurudisha ule ushanga siniani, akaifudikiza ndoo, akaikalia. Hakumfokea, na Bi Mayasa alitamani afokewe.

"Zako unazijua?" akauliza baadaye.

"Nnazijua."

"Zitoe."

Akazitoa moja moja, na hakukosea, maana vidole vyake vilizijua kabla ya macho. Alipomaliza, ukabaki ushanga mwengine mmoja wa buluu karibu na ukingo wa sinia.

"Na huu?"

Bi Mayasa aliugeuza kwa kidole. "Huu si wangu. Wallahi, huu umetoka shimoni kweli."

Msabah aliinama, akautazama kwa karibu.

"Nakuamini," alisema. "Lakini siwezi kuuandika. Nikiulizwa nnajuaje, ntasema nini? Kwamba aliyetia zile nyengine kaniambia huu hakuutia?"

"Si kaungama mwenyewe?" Bi Duni alidakia.

"Kaungama, Bi Duni. Lakini sinia limeshachanganyika."

Akauchukua ule ushanga, akaenda kuutia kwenye droo ya vitu visivyojulikana vilikotoka. Aliporudi, alimwambia Bi Mayasa kwa upole kwamba kuanzia kesho asikae kwenye mabeseni, akafagie vyumba vya mbele. Bi Mayasa akajibu, "Inshallah," akazifunga shanga zake kwenye ncha ya mtandio, akaondoka.

Njia nzima hakuuwaza ufagio. Aliuwaza ule ushanga wa haki, uliokaa chini ya sakafu miaka yote ile bila ya kumkosea mtu, na sasa hauna pa kusimama kwa sababu yake yeye.

Mudrik alikuwa mlangoni. "Umelitoa, mama?"

"Nilizitoa. Nimezirudisha."

"Mama!"

"Ngoja, unisikilize. Nimeharibu kazi ya watu leo, kwa kutafuta pa kuziweka. Mwanao hatofungwa uzi huu, naapa. Lakini shanga za Nadra hazitoki tena nyumba hii mpaka nitoke mimi."

Jina lile Mudrik alikuwa hajalisikia tangu utotoni. Akapita nje.

Ndani, Tahiya alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Akajifuta mikono, akainuka kwa taabu.

"Nipe nizione, mama."

Bi Mayasa alirudisha mkono nyuma. "Wewe na hali yako usiziguse. Tazama tu."

Akafungua ncha ya mtandio. Tahiya akaweka mikono yake nyuma kama mtoto aliyekatazwa, akainama.

"Wifi yangu alikuwa keshaota meno?"

"Mawili. Ya chini."

"Na hizi alikuwa akizing'ata?"

"Kila nikimfungua kumkogesha! Mbio kinywani."

"Upi aliokuwa akiupenda?"

Bi Mayasa akautafuta, akausogeza peke yake kwa kidole: mwekundu, umelika upande. Nyuma yao Mudrik alikuwa amerudi kimya, amesimama, naye akitazama.