Harufu ya Baba Mkwe

Mtaani kwetu alijulikana kama Mzee Jaza, na kama mama yake alimpa jina jingine, sisi hatukulijua. Maisha yake ya kazi yote ameyapitisha kwenye kituo kimoja cha mafuta, amesimama kando ya pampu, na swali lake kwa kila gari ni lilelile: "Nijaze?" Ukimwambia atie kidogo anakutazama kwa huruma. Hata nyumbani hana kipimo kingine. Akikumiminia chai, kikombe kinajaa hadi ukingoni mpaka unashindwa kukinyanyua, unainama kukinywea mezani kama mbuzi.

Mkewe alipofariki, mwanawe alimchukua akakae naye. Mimi ni jirani yao, mshonaji. Cherehani yangu inatazamana na mlango wao, kwa hiyo mengi niliyaona na mengine niliambiwa. Nilimwona mzee akifika na sanduku lake, na mkwewe, tunayemwita Mama Keki kwa sababu anaoka keki za kuuza, akimpokea kwa mikono miwili. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamwona yule mwanamke ni mbaya. Si mbaya hata kidogo. Ana heshima, na heshima ndiyo iliyomponza.

Mama Keki alikuwa na gari dogo la zamani, rangi imechujuka, mlango mmoja haufunguki mpaka ubembelezwe. Ndilo lililopeleka keki kwa wateja, na jioni akirudi alimpitia mzee kazini. Mzee hakupenda kubebwa bure. Kwanza alilijaza tangi kwa gharama yake, na pampu ikikata yenyewe alisubiri povu lishuke, akaongeza, akaongeza tena, mpaka mafuta yachungulie. Ndipo akaingia na kukaa kiti cha mbele, na gari likaanza kunuka petroli.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kuvumilia. Kisha mteja mmoja akarudisha keki ya siku ya kuzaliwa. "Mama, utamu upo," alisema, "lakini watoto wanauliza mbona inanuka kama jenereta." Mwingine hakurudisha keki, ila yeye mwenyewe hakurudi tena. Mama Keki akaosha mazulia, akasugua buti la nyuma, akainamia viti kimoja kimoja kuvinusa. Jibu akalipata, na jibu lenyewe lilikuwa na mvi.

"Mwambie baba yako," alimwambia mumewe.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba petroli imemkolea mwilini."

"Mimi? Nimwambie mzazi wangu kwamba ananuka? Mwambie wewe, wewe ndiye mwenye pua."

"Mimi mkwe!"

"Basi tuvumilie."

Hapo ndipo palipotakiwa mtu wa kumkoma nyani giladi, na nyumba nzima haikuwa na mtu huyo. Mama Keki akaona bora vitendo viseme. Mzee akiingia garini, yeye anashusha vioo vyote, hata mvua ikinyesha. Bafuni ikatokea sabuni mpya, ile kubwa yenye harufu kali, imewekwa juu ya taulo la mzee. Siku moja kiti cha mbele kikavikwa plastiki. Kiti cha mbele tu.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mzee Jaza aliitazama ile plastiki, akakaa juu yake taratibu, na tangu hapo hakusimulia tena habari za kazini. Akaanza kubadilisha shati kabla ya kutoka kituoni. Nilikuwa namwona uani akijisugua mikono kwa ndimu na mchanga mpaka ngozi inakuwa nyekundu, kisha anainusa, na uso wake unabaki vilevile, kwa sababu pua ya mtu aliyeishi na petroli haiisikii tena. "Pua yangu ilishastaafu," aliwahi kuniambia, "mimi ndiye bado." Mjukuu wake akimkimbilia alirudi nyuma. "Subiri babu aoge." Akisha kuoga bado alisema asubiri. Chakula akahamia kula barazani, eti ndani kuna joto.

Mwishowe akaacha gari. "Miguu imeota kutu, mwanangu," alimwambia Mama Keki. "Acha niitembeze." Na tulikuwa tukimwona jioni akija kwa miguu njia yote ile, shati safi, amebeba la kazini kwenye mfuko aliofunga mafundo.

Harufu ikaisha. Mama Keki alivuka barabara kuja kuniambia, na hakuwa na furaha usoni, lakini alikuwa na uhakika. "Umeona?" alisema. Niliona. Ambacho hatukukitilia maanani sote wawili ni kwamba yeye alikuwa anaona haya kupita kwenye kituo cha mzee, kwa hiyo alinunua mafuta kidogokidogo kwingine, na tangi halikujaa hata mara moja.

Kisha mzee akamwambia mwanawe amepata chumba karibu na kazini, atahama mwezi ukiisha, asiwabane. Mume alijibu sawa, na Mama Keki akaendelea kuchekecha unga. Mimi ningesema, lakini nani aliniuliza?

Wiki hiyohiyo ikaja keki ya harusi ya kupelekwa mji mwingine, nami nikaombwa nikae nyuma niishikilie. Safari ilikuwa ndefu, kwa hiyo Mama Keki alipita kituo cha njiani akamwambia mhudumu ajaze. Hatukufika mbali. Harufu ikaingia, ileile, nzito, ya kuuma macho. Mama Keki akasimamisha gari pembeni.

"Unaisikia?"

"Naisikia."

Akageuka akakitazama kiti cha mbele. Hakikuwa na mtu. Plastiki yake ilikuwa imekunjamana peke yake.

"Mzee yuko kazini," nikasema, ingawa sote wawili tulijua.

Tulishuka tukalinusa lile gari kama mbwa wawili. Injini, hapana. Chini ya zulia, hapana. Kila tulivyosogea nyuma ndivyo ilivyozidi, na kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kifuniko cha mafuta, palikuwa na unyevu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Keki aligusa pale kwa kidole, akakinusa, akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kutokea.

Keki tuliifikisha vioo vyote wazi. Wakati wa kurudi tulipita kwa fundi magari, akatoa gurudumu, akamulika. Mpira unaopitisha mafuta kutoka mdomo wa kujazia kwenda kwenye tangi ulikuwa umezeeka na kuchanika sehemu ya juu. Tangi likiwa nusu, alieleza, halivuji wala halinuki. Likijaa mpaka juu kabisa, mafuta yanachuruzika, na harufu inapenya kwenye buti.

"Nani analijaza hivi?" aliuliza. "Huyo anakupenda, mama, lakini mpira hauwezi."

Mama Keki aliniomba niende naye kituoni, alisema peke yake miguu itakataa. Njiani alijaribu maneno, akayaacha. Utaombaje radhi kwa neno ambalo hukulisema? Angemtukana mzee waziwazi, angalau angekuwa na tusi la kulirudisha.

Mzee Jaza alikuwa ndio kwanza amemaliza kulihudumia lori. Alipotuona alirudi nyuma hatua moja, kama anavyomfanyia mjukuu wake.

"Sijaoga," alisema.

"Baba, ni gari," Mama Keki akasema. "Mpira wa tangi ulichanika. Harufu ilikuwa ya gari. Nilidhani... baba, nisamehe. Nimekukosea sana."

Mzee akakalia ndoo iliyokuwa imefunikwa kando ya pampu.

"Una hakika, mwanangu?"

"Fundi amenionyesha kwa macho yangu."

"Maana nilikuwa namfikiria mama yenu." Alitazama mikono yake. "Alikuwa na mazoea ya kulala amegeukia ukutani. Miaka yote. Mimi nikisema ndivyo alivyozoea. Juzi nikiwa bafuni nikasema, kumbe! Kumbe alikuwa ananikimbia mimi, na akaninyamazia mpaka kaburini. Kila nikioga namwomba radhi."

Mama Keki alilia pale pale, mbele ya magari yanayosubiri, na hakufunika uso. Mimi nilitazama pembeni. Aibu ile ilikuwa yake, lakini ilinifika.

Kazi ilipoisha tulikuwa bado tunamngoja. Mama Keki alikuwa ameshaing'oa plastiki na kuitupa. Mzee aliingia akakaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni, mkono ukaenda wenyewe kushusha kioo. Kisha akausimamisha. Akauleta puani, akanusa kwa muda mrefu, akanusa na wa pili. Akamnyooshea mkwewe.

"Hebu nusa wewe. Mimi siwezi kujua."

Mama Keki aliushika kwa mikono miwili, akauweka usoni.

"Petroli kidogo, baba," alisema. "Ni ya leo. Itatoka kwa sabuni."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Sasa si ungeniambia," mzee akasema, wala hakuwa na hasira. Mama Keki aliwasha gari.