Cheti cha Msichana wa Mwala

Nina duka la saiba hapa Machakos mjini. Kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao. Wengi wanaoingia wanatafuta cheti cha kuzaliwa: kimepotea, hakijawahi kutoka, au kimetoka na jina la baba pale palipotakiwa jina la mtoto. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kutojua.

Binti yangu alianza kudaka mpira akiwa na miaka tisa. Kocha wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mwenye goti bovu ambaye zamani alicheza hadi goti likamkatalia. Sote tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa na mambo yake. Aliyezoea kufunga mabao alimrudisha nyuma akazuie, na kila mtoto aliyevaa jezi lazima acheze, hata kama timu inafungwa. Sisi wazazi tulinung'unika kando ya uwanja, halafu tukaunda kamati ili tunung'unike kwa utaratibu. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta, nikafanywa katibu.

Tulikuwa na mashindano ya wasichana wasiozidi miaka kumi na miwili, timu chache tu za huku kwetu: sisi wa mjini, Kyumbi, Mwala na kwingineko. Mwaka mmoja tulifungwa mabao sita na timu ambayo wachezaji wake, kwa macho yetu, walishapita umri huo zamani. Wazazi waliwaka. Ukaitishwa mkutano wa timu zote katika ukumbi wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, kutafuta njia ya kujua umri wa watoto. Mzee mmoja alipendekeza tuwaangalie meno kama tunavyowaangalia mbuzi, watu wakacheka. Mwalimu akapendekeza kwamba mtoto alete cheti cha kuzaliwa, na asiye nacho alete kadi ya kliniki pamoja na barua ya mwalimu mkuu.

Hapo nikasimama. Niliwaambia kwamba barua ya mwalimu mkuu naweza kumchapia yeyote dukani kwangu kwa dakika tano, mhuri na kila kitu. Nikasema tukianza kukubali hiki na kile, tutarudi palepale. Cheti halisi, basi. Asiye nacho hachezi. Watu wakapiga makofi, na mimi, ambaye sikuzoea kupigiwa makofi, nikajisikia mtu mkubwa.

Mwalimu alingoja makofi yaishe. Akasema, "Katibu, mwizi wa umri hakosi cheti. Anayekosa cheti ni yule asiye na mtu wa kumfuatilia."

Nadhani hata mimi nilijua kwamba ni kweli, maana watu wa aina zote mbili walikuwa wateja wangu. Kura zikapigwa, nikafanywa katibu wa mashindano yote pia, na Jumatatu nikaichapa sheria ile kwa herufi nzito.

Kabla ya mashindano kuanza, tulicheza mechi ya kirafiki na Mwala katika uwanja wetu. Walikuwa na msichana mrefu, mwembamba, wa mguu wa kushoto. Alimfunga binti yangu mabao matatu. Mimi nilirudi dukani nimekasirika, lakini binti yangu alikuja jioni akiwa na furaha kama aliyeletewa zawadi. Alichukua karatasi zilizoharibika kwenye printa akanichorea jinsi yule msichana anavyoinamisha bega la kulia kabla ya kupiga upande wa pili. "Nikiliangalia bega nimempata," aliniambia. Kuanzia hapo akawa anabaki na Mwalimu kila siku baada ya mazoezi, wakipigiana mipira ya kushoto mpaka viwiko vikachubuka. Mimi niliona viwiko tu, na yale mabao matatu.

Nusu fainali tukapangiwa Mwala, mechi ichezwe Kyumbi. Siku moja kabla ya mechi nilifungua faili la usajili, ambalo kama katibu lilikuwa kwangu. Kwa jina la yule msichana palikuwa na fotokopi ya kadi ya kliniki na risiti ya maombi ya kusahihishiwa cheti. Wenzangu wa kamati ya mashindano walikuwa wamempitisha kwa huruma. Ningeweza kulifunga faili. Badala yake niliandika malalamiko ya aya moja, na asubuhi nikampa mwenyekiti wa mashindano.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya goli: mwenyekiti, kocha wa Mwala, mimi, na nyanya ya msichana, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Alikuwa amesafiri kuja kumtazama mjukuu wake akicheza. Alitoa kadi yenyewe kwenye mfuko wa nailoni akanikabidhi mimi, si mwenyekiti, labda kwa sababu nilikuwa na kalamu. Alisema mtoto alizaliwa mwaka ule mahindi yalipokauka yakiwa bado yanachanua, na kwamba yeye ndiye aliyempokea. Cheti kilikuwa kimetoka na jina lisilo lake, wakakirudisha, na tangu hapo wanaambiwa wangoje.

Niliifungua ile kadi. Kulikuwa na chanjo zote, mwezi baada ya mwezi, kila mstari kwa wino wake na mkono wake, na kona moja ililiwa na mchwa. Nimezishika kadi kama hizo kwa mamia. Hakuna mtu anayeghushi vile. Nilijua palepale kwamba mtoto ana miaka kumi na miwili.

"Susu," nikamwambia, kwa jina la heshima tunalowaita nyanya zetu, "mimi sibishani na wewe. Lakini sheria inataka cheti."

Aliichukua kadi yake akaikunja polepole. Kocha wa Mwala alibisha kidogo, kisha akaenda kumtoa msichana, aliyekuwa tayari anapasha misuli. Nilimwona akivua viatu na kumpa mwenzake aliyekuwa na raba, akavaa sweta la shule juu ya jezi, akaja kukaa karibu na nyanya yake. Mzazi mmoja wa upande wetu alisema kwa sauti, "Huyo si mtoto, huyo ni mama ya mtu." Watoto wakacheka, wa kwetu na hata wa kwao.

Tulishinda mawili kwa bila. Binti yangu hakuugusa mpira zaidi ya mara nne. Fainali tulifungwa, na siku hizi hakuna anayeikumbuka.

Jioni ile ya Kyumbi, nyumbani, mke wangu alikuwa akipakua muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharage, nami nikijaribu kuzungumzia yale mabao mawili. Binti yangu hakuwa amekigusa chakula.

"Baba, ile kadi uliiona?"

"Niliiona."

"Ilikuwa ya ukweli?"

Nikamwambia sheria haiangalii kadi, kwamba leo tukimruhusu mmoja, kesho watakuja kumi. Aliniacha nimalize.

"Sijakuuliza sheria," akasema. "Mimi nilikuwa nataka kumzuia."

Mama yake alinitazama, halafu akaendelea kupakua. Mwalimu naye hakugombana nami. Siku zile zote alinisalimia kama kawaida, akaacha tu kuniuliza maoni yangu.

Miezi ilipita. Muhula wa mwisho, shule zilipokuwa zinataka vyeti ili kuwasajili watoto kwa mtihani, yule nyanya aliingia dukani kwangu. Alikuwa ameelekezwa na watu kwamba hapa wanajua kusahihisha majina. Alinitambua kabla sijasimama.

"Ni wewe wa Kyumbi," alisema.

Nilidhani atageuka aende zake. Alivuta kiti akaketi. "Basi nifanyie," akasema. "Mtoto anataka kuandikishwa."

Nilifungua fomu nikaanza kujaza. Nilipoingiza tarehe ya kuzaliwa nilisimama kidogo. Msichana yule alizaliwa wiki sita baada ya binti yangu. Alikuwa mdogo kwa binti yangu.

Nikamuuliza kama bado anacheza. Akasema aliacha. Shuleni walianza kumwita Mama, kwanza wale waliokuwa Kyumbi, kisha darasa zima. "Alisema amechoka kuangaliwa," nyanya akanieleza, bila kunilaumu, kama anayeeleza habari za mvua.

Nilimfuatilia cheti kwa msajili mimi mwenyewe. Kilipotoka nilimwomba Mwalimu twende naye Mwala kukipeleka, maana niliogopa kwenda peke yangu. Tulimkuta msichana kwenye bwawa la mchanga, ambapo maji hukaa chini ya mchanga wa mto, amechimba shimo na anachota maji kwa kata, punda amesimama na mitungi. Alinawa, akakipokea cheti kwa mikono miwili, akalisoma jina lake lote mpaka mwisho. Alikuwa ameongezeka urefu. Pia alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu, kwa hiyo cheti hakingemrudisha kwenye mashindano yale hata angetaka.

Nilimwambia nilijua ile kadi ni ya kweli na bado nikamtoa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, lakini yaliyotoka ni hayo.

"Ni sawa tu," alisema, akitazama mitungi.

Mwalimu akamwambia kuna timu ya umri wa juu, nafasi ya kushoto iko wazi, na akikubali, yeye atamfuata hata huku. Akashukuru kwa adabu. Akasema siku hizi yuko kwenye kwaya ya kanisa, na Jumamosi ndiyo siku ya mazoezi. Tulipokuwa tunaaga, aliniuliza, "Yule golikipa wenu bado anadaka?"

"Bado."

"Mwambie lile bao la tatu karibu alishike. Ni vile tu liligonga mwamba likaingia."

Niliufikisha ujumbe jioni hiyohiyo. Binti yangu aliusikiliza wote, akaniomba nirudie sehemu ya mwamba. Kisha akasema, "Ungeniambia unaenda, ningekuja." Sikuwa hata nimelifikiria hilo. Likizo iliyofuata nilimpeleka, ila msichana alikuwa ameenda Kivaa kwa shangazi yake. Binti yangu na nyanya walikaa wakimenya pojo. Kabla hatujaondoka, binti yangu aliomba karatasi, akaandika kitu na kukiacha pale. Hakunionyesha.

Sheria tuliibadilisha kwenye mkutano wa mwaka. Mimi ndiye niliyeleta hoja: kadi ya kliniki ikubaliwe. Ilichukua dakika kumi. Hakuna aliyebisha, na jambo hilo lilinichoma kuliko ambavyo ubishi ungenichoma. Nikaacha ukatibu siku hiyo.

Binti yangu anadaka bado, sasa na timu ya umri wa juu, na wanaojua wananiambia ana kipaji. Uwanjani huenda na mama yake. Wakirudi nawasikia jikoni wakirudia mechi yote, nani alipiga wapi, nani aliinamisha bega gani. Nikiingia na kuuliza mechi ilikuwaje, binti yangu ananijibu vizuri, kwa heshima zote: "Mbili moja, Baba. Tulishinda."