Mzimasi na Askari Wasio na Bunduki

Mzimasi Ndzwayiba alirudi kutoka migodi ya dhahabu akiwa na godoro, redio, na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mipana iliyozoea kutoboa mwamba. Ndiyo maana sisi majirani zake, hapa juu ya Lusikisiki, tulishangaa tulipomkuta siku moja ameinama mezani na wembe, anamchonga askari wa plastiki asiyezidi kidole gumba.

Askari hao walikuwa wa mwanawe, Lwandile. Enzi za mgodini, kila Krismasi Mzimasi alimletea mtoto mfuko wa vidoli vya kijani, vile vya bei ya chee vinavyouzwa karibu na stesheni. Lwandile alipokua aliviacha kwenye ndoo chini ya kitanda, akawa kijana wa bahari. Alikuwa akizamia kamba koche kule Mbotyi na kuwauzia wageni wa hoteli. Asubuhi moja ya Agosti alizama mbele ya wenzake, na hakuibuka. Polisi walileta wapiga mbizi. Wanaume wa kijiji tulikesha ufukweni, tukitembea mwambani kila maji yalipokupwa. Bahari haikutupa kitu, hata ile kaptura yake nyekundu.

Kwetu mtu akifia mbali, watu wa nyumbani kwao huenda mahali alipokata roho wakiwa na tawi la mti wa mphafa. Humwita kwa jina na kumwambia twende nyumbani, na roho yake hukaa kwenye tawi hilo mpaka zizini kwa baba yake. MaJola, mke wa Mzimasi, alitaka waende mapema. Mzimasi alikataa.

"Tukamchukue nani?" alimwuliza. "Wewe umeona maiti?"

"Baba Lwandile, mwaka umekwisha."

"Watu hupotelea Durban miaka na miaka, halafu wanarudi na wake na watoto."

"Durban njia yake haipiti chini ya maji."

Mzimasi aliinuka, akaenda kwenye nyumba ya pili, ile ya msonge aliyokuwa akilala Lwandile. Huko ndiko alikoivuta ile ndoo.

Alituambia anamtengeneza babu yake. Babu huyo, Mcelwa, alikuwa miongoni mwa wale waliochukuliwa wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu kwenda Ufaransa, na meli yao, Mendi, ikagongwa na meli nyingine kwenye ukungu, ikazama na mamia ya watu weusi. Wapondo, watu wa kwetu, walikuwa wengi mle. Kila ukoo hapa una mtu wake aliyelala kwenye maji yale ya baridi. Lakini hawa hawakuwa askari wa kupiga risasi. Walipewa makoti na kofia, wakaambiwa kazi yao ni kuchimba na kubeba mizigo. Bunduki hawakupewa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Mzimasi ilikuwa kuwanyang'anya wale askari bunduki. Alipasha wembe kwenye mshumaa, akakata taratibu mpaka mikono ikabaki mitupu. Halafu alimtumbukiza askari kwenye maji ya moto, plastiki ikilegea akamkunja mkono jinsi alivyotaka, akamtia kwenye maji baridi akakakamaa hivyo hivyo. Sepetu alizikata kwenye kopo la soda. Makoti marefu aliyafanya kwa karatasi na gundi, akayapaka rangi ya kahawia iliyobaki walipopaka mlango. Nyuso alizipaka mwisho, nyeusi, kwa unyasi. Alipokuwa akipaka uso alizuia pumzi, na kwa kifua chake kile ilikuwa kazi. Akimaliza jicho moja hukohoa mpaka meza itikisike.

Vijana walikuja kuangalia, na wazee pia. Jumamosi moja tulikuwa tunakunywa pombe ya mtama kwake, na Zibonele, ambaye walifanya naye kazi mgodini, akamwinua askari mmoja kwa vidole viwili.

"Bhala," alisema, akimwita kwa jina la ukoo wake, "vita gani hii ya sepetu? Hawa wanakwenda kumzika Mjerumani kabla hajafa?"

Watu waliangua kicheko.

"Ndivyo walivyokwenda," Mzimasi alisema. "Mzungu aliogopa. Mpondo ukimpa bunduki atakumbuka yaliyompata nyumbani kwao."

"Basi mtengenezee na kata ya pombe, asife na kiu."

"Yako ipo hapo, we meza tu. Ukifa na kiu wewe, nani atakuamini?"

Mzimasi mwenyewe alicheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi na mkewe akaja na maji. MaJola hakucheka. Aliwatazama wale askari waliopangwa dirishani, akaitazama ndoo iliyokuwa ikipungua, akaondoka.

Mimi nyumba yangu imepakana na yao, na MaJola ni mtu anayekuja kuota moto jikoni kwetu. Alimwambia mke wangu, nami nikiwepo: "Anamkatakata mtoto. Kila nikisikia wembe ule nahisi ni nyama ya Lwandile. Vitu vilivyobaki vyenye alama za meno yake ni vile, maana alikuwa akivitafuna alipokuwa mdogo. Na huyu anavigeuza babu! Babu gani, ambaye hata yeye hakumwona?"

"Mwambie," mke wangu alisema.

"Nikimwambia ananisimulia meli."

Ilikuwa kweli. Mtu ukimtajia Mzimasi habari za mwanawe, alikuhamishia kwenye meli. Angekueleza ukungu ulivyokuwa, maji yalivyokuwa baridi, jinsi watu wanavyosema kwamba wanaume wale walivua viatu wakacheza juu ya sitaha iliyoinama. Alieleza kama mtu aliyekuwepo. Kuhusu Mbotyi, palipo karibu kiasi kwamba siku za dhoruba tunausikia mngurumo wake, hakuwa na neno.

Katika ndoo akabaki askari mmoja, yule anayelala kifudifudi akilenga shabaha. Siku nyingi Mzimasi alimwacha. Sepetu haikumfaa mtu aliyelala. Mwishowe alimkata bunduki, na bunduki ilipotoka, mikono ikabaki imenyooshwa mbele na kichwa kimeinuliwa.

MaJola alimkuta juu ya meza mchana mmoja, alipoingia kufagia. Rangi ilikuwa bado mbichi. Askari huyu hakuwa na koti. Mgongo ulikuwa mtupu, mweusi, uking'aa, na kiunoni alikuwa amepakwa rangi ya kucha ya binti yao, nyekundu.

Mimi nilikuwa nje natengeneza ua na Mzimasi. Tulimwona MaJola akija akiwa amekunja kiganja kama aliyeshika kifaranga. Akakifungua.

"Huyu si Mcelwa," alisema.

Mzimasi alitazama, akayageuza macho.

"Rangi ya kahawia iliisha," alisema.

"Mzimasi." Sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina, wala kwetu si desturi. "Bibi yako alimpakulia Mcelwa chakula kila jioni mpaka akazeeka, akafa. Wewe mwenyewe ulinisimulia. Sahani juu ya kabati, asubuhi anapewa mbwa. Kwa sababu hakuna aliyekwenda kumwita. Walisema ni mbali. Unataka na mimi nipakue? Sisi si mbali, baba. Sisi bahari tunaisikia!"

Mzimasi alikalia kigogo. Alilia kama wanavyolia watu wenye ugonjwa ule wa vumbi la mgodini, bila sauti, kwa kuwa pumzi ya kulilia hana. Mimi niliendelea kushika waya, sikujua niuelekeze wapi uso wangu. MaJola alisimama kando yake, mkono mmoja begani kwake, ule mwingine bado umefunguka ili rangi isifutike.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda. Niliwapeleka kwa gari langu. Tawi alilibeba Mzimasi mwenyewe, ingawa tulimsihi amwachie mdogo wake. Pale Mbotyi alishuka mwambani akishikwa huku na huku, hatua moja pumziko moja, mpaka maji yakamfika miguuni. Alisema, "Lwandile. Ni baba yako. Nimechelewa. Njoo twende nyumbani." Basi.

Desturi inamtaka mwenye tawi asizungumze na mtu njiani ila na yule anayemrudisha, na amweleze njia, asije akapotea. Kwa hiyo mtu yule ambaye tangu msiba hakuwahi kulitaja jina la mwanawe, alilitaja njia nzima. "Lwandile, sasa tunaingia msituni. Lwandile, hapa ndipo lori la chai lilipokwama, ukasukuma, ukarudi umejaa tope mpaka masikioni, mama yako akakufukuza mlangoni. Hili ndilo shamba lenyewe la chai, mwanangu, unaliona? Tunapanda sasa. Ngoja baba apumue. Tunapanda." Kilima kile ni kirefu. Niliendesha polepole ili apate kumaliza. Nyuma, MaJola alikuwa ameweka kitambaa mdomoni, na kila mara mumewe alipoishiwa pumzi alikuwa akiinama mbele kana kwamba angeweza kumvutia hewa.

Zizini ng'ombe walikuwa wametolewa. Tawi liliwekwa mahali pa wana wa nyumba ile, mbuzi akachinjwa, na wakubwa wa ukoo wakamwambia Lwandile kwamba amefika. Usiku ule, MaJola alituambia baadaye, Mzimasi alilala chali mpaka asubuhi, jambo ambalo kifua chake hakikuwa kimemruhusu muda mrefu.

Hakushika wembe tena. Baridi ilipokuja ilimkuta hana nguvu, na Juni haikuisha. Alikata roho akiwa amekaa, kichwa juu ya bega la mkewe.

Tulimzika kando ya zizi. Watu wa jiwe la kaburi walipokuja, binti yao aliyetoka Durban alitaka jina la kaka yake liandikwe chini ya la baba, kwa kuwa wote sasa wako nyumbani. MaJola alikataa.

"Nyumbani yumo," alisema. "Lakini hapo chini hayumo. Msije mkaandika kwenye jiwe kwamba nilimzika mwanangu. Sikumzika."

Jiwe likaandikwa jina moja. Watu wa jiwe walikunja turubai yao, MaJola akawapa mahindi na maharage, akakaa nao mpaka walipomaliza kula.