Leso Nyuma ya Kombaini

Walisema sitaweza. Walisema mtu aliyekwenda bara na begi moja atarudi na begi lilelile, na kwamba stashahada yangu ya mitambo ya kilimo itafaa kufungia vitumbua. Basi siku niliyoingia Msambweni nikiendesha kombaini yangu mwenyewe, ndogo, kuukuu, lakini yangu, watu walitoka madukani kunitazama, na tuktuk zikanipisha.

Nikisema yangu, namaanisha kwamba shangazi aliuza bangili zake za dhahabu, mjomba wangu wa Kinango akauza mitamba wawili, na rafiki yangu, askari wa hoteli kule Diani, akanipa akiba yake ya harusi. Niliwaahidi kila mmoja kumrudishia kilekile alichotoa.

Kuvuna, nilivuna. Mpunga ambao akina mama huukata kwa visu, suke moja moja, wiki nzima, mimi niliumaliza kabla jua halijawa kali. Lakini kisu huyaacha mabua yamesimama shamba zima. Mashine yangu iliyakata na kuyatema yote nyuma yake, tuta refu kila ilikopita. Akina mama wakapanda pojo kwenye unyevu uliobaki, kama ilivyo desturi. Chini ya matuta mbegu zikaoza. Katikati yake zikaota.

Shangazi alisimama ukingoni mwa shamba lake akalitazama: mstari wa kijani, mstari wa manjano, mstari wa kijani.

"Mwanangu," akasema, "nilikuomba univunie mpunga. Umenisukia mkeka."

Kicheko kilifika hadi Gazi. Wenye mashamba wakasema msimu ujao wanarudi kwenye visu vyao. Mjomba akatuma salamu kwamba mashine isiyo na kazi iuzwe kwa kilo, yeye apate ng'ombe wake. Nilimwomba shangazi msimu mmoja tu. Alikubali, ila akaniambia nikimsukia mkeka wa pili, mnunuzi wa vyuma chakavu atamleta yeye mwenyewe.

Stashahada yangu sikuiokota sokoni. Kwa fundi wa kuchomelea pale Ukunda nilitengeneza sahani mbili za chuma, nikazifunga vipande vya tairi kama makasia, nikazining'iniza nyuma ya mashine zizungushwe na mkanda wake. Mabua yakiziangukia, yanarushwa kulia na kushoto. Siku ya kujaribu, asubuhi, yalitapakaa vizuri hata nikaimba kitini. Kisha upepo wa bahari ukaamka, na yote yakaelea upande mmoja, tuta lilelile, limehama tu.

Hilo halikunivunja moyo. Nilifunga kipande cha bati kila upande, na kamba zake nikazivuta hadi kwenye kiti changu. Kila nilipogeuza mashine, nilishusha bati la upande ambao upepo unaelekea, nikapandisha la pili. Nikamwita shangazi nikamwambia sasa mabua yamelingana.

"Macho yako yanakupendelea," akasema.

Aliwaita wenzake. Wakavua leso zao za juu wakazitandika nyuma ya mashine, ubavu kwa ubavu, upana wote. Nikasogea mbele, sahani zikivuma, mabua yakizimwagikia. Leso ya shangazi, aliyoisogeza karibu mno, ilinyakuliwa ikachanika vipande viwili, na wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Leso zilizobaki wakazikunja pembe kwa pembe kila moja na mabua yake. Shangazi akainua ya katikati kwa mkono wa kulia.

"Leteni ya ukingoni."

Akaiinua kwa mkono wa kushoto. Akabadilisha mikono. Akaomba ya ukingo wa pili. Kombaini yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye mikono ile.

"Zimelingana," akasema hatimaye, kama vile kazi ilikuwa yake.

Niliruka chini nikacheza ngoma katikati ya mabua, na wala sikuona haya. Pojo ziliota kijani kimoja, shamba zima, na kabla hazijakomaa simu yangu ilikuwa haitulii, watu hadi upande wa Vanga wakiniulizia zamu.

Siku ya kulipa nilianzia Diani, na rafiki yangu akaenda moja kwa moja kupanga tarehe ya harusi. Kinango nilishusha mitamba wawili. Mjomba akawakagua meno akasema wake walikuwa wanono zaidi, jambo ambalo si kweli. Kwa shangazi nilifika mwisho, kwa tuktuk.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimvisha bangili, nzito kuliko za kwanza. Akatikisa mkono apate kuzisikia. Kisha akanitazama.

"Bado leso yangu."

Niliinama kwenye tuktuk, nikatoa doti mpya ya leso chini ya kiti. Nilikuwa nangoja aulize.