Gitaa Jekundu Lenye Matundu Mawili

Wiki iliyopita binti yangu alilishusha gitaa langu kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi kwa kanga yangu bila hata kuniomba, na kabla sijamwambia aangalie, akachomeka kidole kwenye tundu lililo begani mwa gitaa. Yeye hakusikia kitu. Mle tunduni kulikuwa na utando wa buibui, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, na sasa ulikuwa umepasuka.

"Mama, nani alilitoboa gitaa lako hivi?"

Nikamwambia akae chini. Na wewe kaa, ndugu yangu, maana hii ni habari ya kujisifu, na mimi katika hili sina haya.

Tulikuwa tunakaa Makole, mimi na mama, katika vyumba viwili vya kupanga. Mama alikuwa mpiga chapa serikalini. Miaka ile ndiyo kwanza milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka tuliyozoea kuyaona na sabuni za mche na viberiti tu yakajaa vitu ghafla: redio za kaseti, saa zinazoimba, mashati yenye maandishi ambayo mvaaji mwenyewe hajui yanamsema vipi. Katika duka moja karibu na stendi likaning'inizwa gitaa la umeme, jekundu, la bei ya watu kama sisi. Lilikuwa limetoka mbali huko mashariki, ndani ya boksi lenye herufi zilizomshinda hata mwalimu wetu wa jiografia. Nilipita mbele ya duka lile kila siku nikitoka shule, hata siku ambazo halikuwa njiani.

Nililipata kwa zabibu. Likizo mbili nilikwenda Makutupora kuchuma, nikaondoka alfajiri na kiporo cha ugali wa mtama tumboni, nikarudi jioni mikono inanata na nyuki wamenifuata mpaka barabarani. Mpaka leo nikinusa zabibu zilizopigwa na jua nausikia mgongo. Kilichopungua mama alikijazia, na siku tulipolileta nyumbani akalitazama akacheka, "Haya, kipya kinyemi, ingawa kidonda."

Na kidonda kilikuwepo kweli. Nyuzi zilikaa juu mno ya ubao, zikanichubua vidole hadi nikashindwa kushika kalamu darasani. Ukilichomeka kwenye amplifaya ya kanisa, kabla hujaligusa, tayari linanguruma lenyewe. Mwalimu wetu wa kwaya, mtu mwembamba aliyenyoosha suruali zake kuliko kanuni za imani, aliziba masikio. "Humo ndani mna nzi," alisema. "Kwaya yangu haitaki nzi."

Usimlaumu. Mpaka wakati huo wasichana wa kwaya yetu tulitikisa kayamba tu, magitaa yalikuwa ya wavulana. Yeye aliniahidi, mbele ya wote, kwamba nikilitoa nzi gitaa langu, Jumatatu ya Pasaka kwaya zitakapokutana nitapiga mimi. Nzi akibaki, atapiga mvulana wa kwaya ya wakubwa. Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kufaulu mtihani.

Nikalitia gitaa kwenye kiroba nikatembea nalo hadi Kizota, kwa fundi redio ambaye kibanda chake kilinuka risasi iliyoyeyuka na chai ya tangawizi. Fundi huyu alipenda utani na hakuharakishwa na mtu. Kile kipande cha plastiki kinachobeba nyuzi kule shingoni alikitupa, akanituma buchani nikalete mfupa wa ng'ombe, akaukata na kuusugua kwa tupa mpaka ukakaa sawasawa, nyuzi zikashuka. Kisha akafungua mgongo wa gitaa, akaniambia nikusanye zile karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Nikaziokota mtaa mzima, majirani wakadhani nimeanza kuvuta. Akalipaka gundi lile shimo la nyaya, tukalibandika karatasi zile ndani kote, kama unavyozungushia chumba mikeka. Alipochomeka, kimya. Nilipogusa uzi, ikatoka sauti moja, safi. Nilirudi Makole nikiimba njia nzima.

Mwalimu wa kwaya alisikiliza, akatikisa kichwa mara moja kukubali, na mimi nikajiona nimemaliza kila kitu duniani.

Sasa, babu yangu. Babu mzaa mama alikuwa mchongaji na mpigaji wa ilimba, ile marimba ya Kigogo ya vibati vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kama umewahi kuisikia unajua kwamba haitoi sauti tupu. Kwenye sanduku lake hutobolewa matundu kwa chuma cha moto, na juu ya tundu hubandikwa utando, ule mweupe wa duara ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake. Kibati kikilia, utando hutetemeka, na ilimba inanguruma. Kwa babu, chombo kisichonguruma ni bubu. Alikuja kwetu kula Pasaka, akafika Jumatano na kuku mmoja na kifuko cha ubuyu. Nikamwamkia shikamoo, nikampigia gitaa langu kwa fahari. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kwa huruma.

"Mjukuu wangu, hili wamelifunga mdomo."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno tu.

Alhamisi mchana nilikuwa bombani kwenye foleni ya maji. Niliporudi na ndoo kichwani, harufu ya rangi inayoungua ilinipokea mlangoni. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, gitaa limelala mapajani, na jiko la mkaa la mama liko pembeni na chuma chake kimekolea moto ndani yake. Matundu mawili. La kwanza begani, limezama kwenye ubao mzima usio na uwazi wowote, na tayari limebandikwa utando vizuri kabisa. La pili lilikuwa limepenya moja kwa moja mpaka kwenye shimo la nyaya, na moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka.

"Nimekufungulia," alisema, uso wote unang'aa.

Niliweka ndoo chini. Nikasema, "Asante, babu." Halafu nikaenda nyuma ya choo nikalia mpaka kamasi zikanishuka. Ubao mzima hauna pumzi. Utando juu yake ungetetemeshwa na nini? Na nyaya zilikuwa zimeungua. Mama alikuja akasimama karibu yangu. Hakunibembeleza. "Mzee hakaripiwi kwa wema," alisema. "Osha uso. Kesho nenda kwa fundi."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, lakini fundi alikuwa Mwislamu, angefungua mpaka saa ya kwenda msikitini. Tatizo lilikuwa kwamba babu aling'ang'ania kuja. Alitaka kuhakikisha hakuna mtu atakayeyaziba matundu yake.

Fundi alilipokea gitaa, akaligeuza, akalitazama tundu la begani kwa muda mrefu. Akanitazama mimi, macho yamenivimba. Akamtazama babu, aliyekuwa amesimama wima kama aliyeleta mahari.

"Shikamoo mzee. Kazi hii umeifanya wewe?"

"Marahaba. Mimi mwenyewe."

"Una mkono mzuri. Ila mzee wangu, utando nao huchoka. Ukitetemeka kutwa nzima na zile nyimbo za kanisa, si utapasuka? Ngoja nikuwekee swichi kwenye hili tundu la pili. Ukitaka utando ufanye kazi, unawasha. Ukitaka upumzike, unazima."

Babu alifikiri. "Hapo umesema," alijibu. "Utando lazima upumzike."

Fundi akakata nyaya zilizoungua akaunga mpya. Kisha, babu alipotoka kutema ubuyu, akafungua kopo la vipuri chakavu vya redio, akachukua vidude viwili vya kioo, vidogo kama punje za uwele, akavichomelea haraka kwenye swichi ya tochi. "Dayodi," alininong'oneza. "Hizi zinakata sauti kichwa na miguu, inatoka na mkwaruzo. Nzi wa kufungia na kufungulia." Akaweka kidole mdomoni. Babu aliporudi, fundi akachomeka, nikapiga, akabonyeza swichi. Gitaa likanguruma kwa sauti ya ilimba ya babu, sauti ya harusi na ngoma za kijijini kwetu. Babu alipiga makofi mara moja tu, akatoka nje akasimama peke yake. Nilimwona akijifuta macho kwa pindo la shuka.

Jumatatu ya Pasaka nilipiga mimi. Nyimbo tatu nilipiga safi, mwalimu wa kwaya ametulia na suruali yake. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa Kigogo, na ulipofika pale sauti zinapopandana, kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye swichi. Mwalimu aligeuka ghafla, macho yamemtoka. Lakini akina mama walikuwa wameshapiga vigelegele, mabega yameanza kucheza, na kule nyuma mzee mmoja alisimama juu ya benchi akapaza sauti, "Huo ni utando wangu! Huo ni wangu!"

Baada ya ibada mwalimu aliniita. Nilikwenda na hukumu yangu mkononi. Akakohoa, akasema, "Yule nzi. Jumapili ijayo mlete tena." Sikuwahi tena kushika kayamba.

Tangu mwaka ule, kila kiangazi babu alikuja mjini na utando mpya umekunjwa ndani ya ganda la muhindi, akabandua wa zamani, akabandika mwingine kwa mate na utomvu, na mimi nikawasha swichi tukasikiliza pamoja. Kijijini aliwaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyelifungua mdomo gitaa la Wachina. Mwaka wa mwisho mikono ilimtetemeka, nikaubandika mimi, yeye akiniongoza. Sikumwambia kamwe habari ya dayodi. Fundi naye alikwenda nayo kaburini.

Nilipomaliza, binti yangu alinitazama. "Kwa hiyo ule utando haukufanya kazi yoyote?"

"Hata siku moja," nilimwambia.

Nikalichomeka gitaa, nikabonyeza swichi. Likanguruma vilevile kama zamani, hakikupungua kitu. Najua hivyo, nimelipiga miaka yote hii. Ila nilisikia limepungua. Jumamosi nikampeleka kijijini. Tembe ya babu haipo tena, wajomba wamejenga nyumba ya tofali na bati, kuta zimepigwa rangi nyeupe na hufutwa kila wiki. Tukazunguka mimi na yeye, tukiangalia nyuma ya milango na chini ya madirisha, tukitafuta buibui.