Sketi ya Mjukuu wa Fundi

Bibi fundi cherehani alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mama jirani alipoleta gauni la bintiye lililochanika, aliulizwa, "Huyu umezaa mtoto au mbuzi?" Kisha akaonyeshwa mjukuu wa fundi, katulia kigodani, sketi haina hata doa.

Bibi alikerwa na jambo moja tu. Mjukuu ana miaka saba na hana rafiki hata wa dawa. Akisalimiwa, anajificha nyuma ya cherehani. "Aibu za babu yake hizo," bibi alisema, na marehemu hakuwepo kujitetea.

Siku moja watoto waliokuwa wakiruka kamba nje walimwita mjukuu. Akaenda, akaruka mara moja, akaanguka kama gunia. Bibi akatoka mbio, futi ikining'inia shingoni, tayari kugomba. Akakuta watoto wameshamwinua. Binti wa jirani, yule mbuzi, aliishika ile sketi akauliza, "Bibi, hii kashona nani? Imebana, mguu haupiti."

Bibi, mwenye jibu la kila mtu, akamwingiza mjukuu dukani. Akamvalisha mjukuu bukta, akaketi kuifumua sketi.

Kesho yake sketi ilikuwa na marinda manane, na mtaa mzima ulisikia sauti ya mtoto mwenye aibu: "Umekanyaga kamba, toka! Usinidanganye, nimekuona!"

Mama jirani akachungulia dukani. "Bibi, na ulimi huo nao ni wa babu yake?"